Mizunguko Mitatu

Karakana nzima walimwita Vidole, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa na watu waliochoka kumsubiri. Fundi mwingine akishika nati, spana iko tayari mkononi, inalia kri-kri-kri, amemaliza, anauliza chai iko wapi. Yeye nati yoyote, kubwa kwa ndogo, aliianza kwa vidole vitupu, taratibu, macho ameyaelekeza ukutani kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Nati ikikubali ndipo spana inaitwa. Ikikataa, anairudisha nyuma, anaigeuza kwenye mwanga, anatafuta sababu. "Chuma hakikatai bila sababu," alizoea kusema. "Anayekataa bure ni binadamu."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza pampu za maji katika karakana ya shemeji yake, mume wa mdogo wake. Pampu ikija imekwama, kazi ya kwanza ni kuitoa shafti, na shafti iliyokaa na kutu haitoki kwa kubembelezwa. Inatolewa kwa pula: fimbo ndefu ya chuma yenye kizito kinachoteleza juu yake. Unaifunga ncha ya fimbo kwenye shafti, unakivuta kizito kwa nguvu kuelekea kifuani, kinagonga kishikio, shafti inasogea unywele mmoja. Unarudia hivyo mpaka itoke shafti au litoke bega lako. Lakini fimbo ni moja na shafti ni za kila namna, kwa hiyo katikati yao inawekwa adapta, kipande cha chuma cha kutosha kiganjani, kina meno pande mbili: upande huu meno ya pula, upande ule meno ya shafti. Na meno hayo ya shafti ndiyo yale yale yanayoshika nati yake pampu ikiwa kazini. Ukiyala wakati wa kuvuta, shafti umeitoa, ndiyo, lakini umeitoa maiti.

Adapta zake Vidole alizikereza mwenyewe kwenye mashine kuukuu iliyokuwa nyuma ya karakana. Alikuwa nazo thelathini na moja, kila moja imeviringishwa kitambaa chake, na hakuna aliyethubutu kuazima bila kuomba. Kuna fundi mmoja aliwahi kuchukua moja akaitumia kuegemeza meza. Alisemwa siku hiyo mpaka akahama karakana.

Sasa, pampu ikitoka inatoka na fomu, na chini ya fomu pana mstari: Fundi aliyefanya kazi hii. Hapo alikuwa akisaini shemeji. Shemeji hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu mwenye cheti. Idara ya maji haikupokea pampu bila saini ya mwenye cheti, na Vidole hakuwa nacho, kwa hiyo mikono ilikuwa ya mmoja na jina la mwingine. Watu walimsimamisha shemeji njiani, wakamshika mkono. "Fundi, ile pampu inavuta kama mpya!" Naye akijibu, "Tunamshukuru Mungu." Vidole, amesimama pale pale na grisi mpaka viwikoni, alijiuliza kama Mungu naye alikuwa na cheti.

Mwaka huo likabandikwa tangazo. Mtihani wa mafundi wasiopita chuo ungefanyika kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo, anayetaka cheti akakae darasani miaka miwili, pamoja na hesabu na michoro. Vidole alikuwa na miaka hamsini na moja na miwani ya kusomea iliyofungwa waya. Alijaza fomu ya maombi siku hiyo hiyo, akaipeleka kwa miguu yake mwenyewe.

Asubuhi ya mtihani shemeji alimsindikiza mpaka getini.

"Shemeji, nisikilize. Kile chumba mimi nimekipita. Watakupa pampu, pula na adapta. Adapta itaingia mizunguko mitatu, halafu itakuwa ngumu. Hapo usianze mambo yako. Kamata spana, zungusha, vuta, shafti itoke, sema asante, njoo nyumbani."

"Kwa nini iwe ngumu?"

"Umeona? Ndiyo mambo yenyewe hayo."

"Nauliza tu, shemeji."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe inama leo tu, siku moja."

"Siku moja? Nimeinama mpaka najua kila kilichomo huko mvunguni."

Shemeji akacheka, akamwombea heri. Alikuwa anamtakia kile cheti kwa moyo wa kweli.

Chumba cha mtihani kilikuwa kirefu, na sakafu ya saruji iliyong'arishwa na miaka ya viatu. Katikati pampu ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa, imefunguliwa uso, shafti imechomoza mbele. Kando ya dirisha alikaa mama wa stoo, mwanamke mnene mwenye daftari kubwa na feni iliyompepea yeye na makaratasi yake bila ubaguzi. Mtahini alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Wote walimwita mwalimu, maana wengi aliwafundisha.

Aliyemtangulia Vidole alikuwa kijana wa watu, shati jeupe, amekuja kufanya kazi ya grisi na shati jeupe. Akaichukua adapta, akaizungusha kwenye shafti mara tatu, ikagoma. Bila hata kuitazama akachukua spana, akaitia nguvu. Chuma kikalia. Si mlio mkubwa, lakini Vidole aliusikia kwenye meno yake mwenyewe, akakunja uso. Shati Jeupe akafunga pula, akavuta kizito mara saba, shafti ikatoka na beringi yake. Dakika nne. Mtahini akaandika, kijana akasaini, wakapeana mkono. Mama wa stoo akaamka, akairudisha shafti mahali pake, akaigonga kwa nyundo ya mpira, twa-twa, akarudi kwenye feni yake.

"Anayefuata."

Vidole akavaa miwani. Akaipangusa shafti kwa kitambaa, kisha akaishika adapta na kuianza kwa vidole. Mzunguko wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda, ila kwa kulegalega, adapta inacheza kidogo kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Wa tatu ukaenda. Wa nne ukakataa.

Akairudisha nyuma mpaka ikatoka. Akainama akatazama. Meno matatu ya mbele ya shafti yalikuwa yamelazwa, yametafunwa, yanang'aa mahali yasipopaswa kung'aa. Nyuma yake, ndani zaidi, meno yalikuwa mazima, makali, yamejipanga vizuri. Akatazama ndani ya adapta. Yake nayo yalikuwa mazima. Hapo akaanza kuelewa.

"Mama, muda unakwenda," mtahini alimwambia Vidole.

"Nimeuona, mwalimu."

Vifaa vyako mwenyewe hukuruhusiwa kuingia navyo, wala kipimo cha meno hakikuwepo mezani. Alichokuwa nacho ni karatasi ya mtihani na grisi. Akapaka grisi kwenye meno mazima ya shafti, akaikandamiza pembe ya karatasi juu yake kwa kidole gumba. Zikatoka alama, mistari myeusi iliyosimama sambamba. Akaikunja pembe nyingine ya karatasi kuwa bomba dogo, akaitia ndani ya adapta iliyopakwa grisi, akaikandamiza, akaitoa. Mistari tena. Akaziweka alama hizo pamoja, akapima kwa pingili moja ya kidole chake. Ya shafti, mistari tisa. Ya adapta, minane.

Akahesabu mara ya pili. Tisa na minane.

"Mwalimu," alisema, "shafti hii ni ya milimita. Adapta hii ni ya inchi."

"Inaingia."

"Inaingia mizunguko mitatu. Kwa mitatu yanadanganyana, wa nne yanagombana. Naomba ya milimita."

"Adapta ni hiyo moja. Ilikuja na sanduku lake, sanduku zima tulinunua pamoja." Mtahini hakuwa amekasirika bado. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. "Ikifika hapo unatumia spana. Wote wanatumia spana."

"Nikitumia spana nitayala meno ya shafti."

"Ni shafti ya mtihani, mama. Si ya mtu."

"Basi mnapima nini?"

Swali hilo halikuwa na ukali, alilitoa kwa sauti ya kawaida, lakini mama wa stoo aliinua uso kutoka kwenye daftari. Waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakaacha kunong'ona.

"Tunapima kama mtahiniwa anaweza kutoa shafti," alijibu mtahini. "Zungusha."

Tusidanganyane, mkono wake ulikwenda kwenye spana. Uliishika kabisa. Aliona cheti, aliona ule mstari wa chini ya fomu, aliona mtu akimsimamisha yeye njiani na kumpa mkono wenye shukrani. Mzunguko mmoja tu wa spana, kitu ambacho mtoto angeweza. Halafu akaiweka chini.

"Sizungushi."

"Unasemaje?"

"Sizungushi, mwalimu. Mikono hii haijawahi kula meno ya shafti ya mtu, na haitaanza leo kwa sababu ya karatasi."

Sasa mtahini akakasirika. Uso ulimbadilika, akavua saa, akaiweka mezani, akakunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi. "Nimefundisha kazi hii tangu hujashika bisibisi. Sogea." Akaipachika adapta, mmoja, miwili, mitatu, akakamata spana, akaegemea kwa uzito wote. Chuma kikalia, mara hii kwa muda mrefu zaidi. Akafunga pula, akavuta kizito, mara moja, mbili, tano, sita, na shafti ikatoka safi na beringi yake, akaishika juu mbele ya wote kama mvuvi aliyepata. Alikuwa anahema.

"Dakika tatu. Umeona?"

"Nimeona," alisema Vidole. "Sasa irudishe, ufunge nati yake."

"Nini?"

"Nati. Mteja haleti pampu tumtolee shafti, akaenda nayo mkononi. Anataka tuirudishe, tufunge, maji yatoke. Irudishe, ufunge nati."

"Nati haimo kwenye mtihani."

"Kwenye pampu imo."

Mtahini alitazama huku na huku. Ilikuwa wazi hajui nati ya pampu ile ilikuwa wapi, na ilikuwa wazi hakuwahi kuulizwa. Miaka yote mtihani uliishia pale shafti inapotoka. Kuirudisha ilikuwa kazi ya mama wa stoo na nyundo yake ya mpira. Basi ni mama wa stoo huyo huyo aliyenyoosha mkono, akainua nati nene ya chuma kutoka juu ya makaratasi yake. Yakaanza kupeperuka kwa feni, akayakandamiza kwa kiwiko.

"Si hii?" alisema. "Niliikuta nilipoajiriwa. Nilidhani ni ya kuzuia upepo."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akajikohoza.

Mtahini akaichukua nati. Shafti ikarudishwa, ikagongwa. Akaiweka nati mdomoni mwa shafti, akazungusha. Haikushika. Akaigeuza upande wa pili. Haikushika. Akapangusa, akapuliza, akaomba mafuta, akapewa mafuta. Nati ilikaa pale mbele ya meno yaliyotafunwa, inazunguka bila kwenda popote, na kila akiiachia inaanguka mkononi. Jasho lilimtoka kwenye paji. Kusema ukweli Vidole alimwonea huruma, maana alijua vizuri uchungu wa fundi anayekataliwa na chuma mbele ya watu, lakini huruma hiyo haikumfanya ainamishe macho.

"Tangu nianze mimi kuandika," alisema mama wa stoo akifunua daftari, na hakuna aliyekuwa amemuuliza, "wamepita hapa mia nne na kumi na wawili."

Mtahini akaweka nati mezani. Akawaambia walioko kwenye benchi watoke nje kidogo. Walipotoka, akamsogelea Vidole karibu na dirisha, akashusha sauti.

"Mama. Naona wewe ni fundi. Nimekuona unavyoshika chuma, sina shida na hilo. Kusema kweli ungeweza kunifundisha mimi." Akajipangusa paji. "Nitaandika umefaulu. Kwa alama za juu. Wewe saini fomu kama wenzako, uchukue cheti chako, tuachane kwa amani. Adapta nitashughulikia mwenyewe, polepole."

Akampa fomu. Chini ilikuwa imechapwa: Nathibitisha kuwa vifaa nilivyopewa vilikuwa kamili na vinavyofaa kwa kazi. Kisha mstari wa saini.

"Hapa nasema vifaa vilifaa," alisema Vidole.

"Ni maneno tu ya fomu. Tufunike kombe mwanaharamu apite."

"Mwalimu, kombe mmelifunika mara mia nne na kumi na mbili. Mwanaharamu hapiti. Amepanga chumba."

Mtahini alifumba macho. "Mwakani hakuna mtihani huu. Unajua?"

"Najua."

Alijua sana. Alikitaka kile cheti kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu awe mtu mzima, na sasa kilikuwa kimeletwa mpaka mkononi, hakuna wa kuvuta, hakuna wa kugonga, kalamu tu. Aliwaza kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kusaini kazi yoyote, hata moja, na kwamba ya kwanza ingekuwa hii: shafti isiyoshika nati. Hasira zikampanda, si kwa mtahini peke yake bali kwa miaka yote kumi na tisa, na hasira hizo zikamtuliza mkono.

Akaweka fomu juu ya meza, akaikata ile sentensi iliyochapwa, kwa rula, kwa mstari ulionyooka. Juu yake akaandika: Adapta ni ya inchi, shafti ni ya milimita. Hazifai pamoja. Sikuzungusha. Chini yake akasaini. Saini ilichukua muda kwa sababu hakuwa na mazoezi, na aliitaka isomeke.

"Hii siwezi kuigonga muhuri wa kufaulu," alisema mtahini.

"Gonga wa kufeli. Ila usiyafunike maneno yangu."

Mtahini akachukua muhuri. Akaugonga kwenye kona, mbali na maandishi: HAKUFAULU. Akaing'oa nakala ya kaboni iliyokuwa chini, akaigonga nayo, akampa bila kumtazama.

Vidole alipofika mlangoni alisikia droo ikifungwa na ufunguo ukizungushwa. Mama wa stoo alikuwa ameichukua adapta.

"Anayefuata atavutia nini?" mtahini aliuliza.

"Sijui, mwalimu. Labda wakanunue ya milimita," alisema mama wa stoo. "Mimi kila siku narudisha shafti hii kwa nyundo nikijisemea mwanamke nina nini cha kujua."

Karakana ilikuwa mwendo wa nusu saa. Vidole aliutembea bila kuona njia. Alilia kidogo, mahali penye ukuta mrefu pasipo na watu, akajipangusa kwa kile kitambaa cha grisi, na kwa hiyo alifika ana michirizi myeusi usoni. Shemeji alikuwa amesimama ofisini na nyundo. Kando ya cheti chake ukutani alikuwa amepigilia msumari mpya.

"Kiko wapi?"

Akampa nakala. Shemeji akasoma muhuri kwanza, kisha maandishi, kisha akarudia muhuri.

"Nilikwambia nini getini? Nilikwambia nini? Ulikuwa nacho mkononi!"

"Nilikuwa nacho."

"Na huu ndio mwisho! Mpaka kufa kwako utakuwa mtu asiye na cheti, kwa ajili ya adapta! Ya mtihani! Watu wote wamezungusha, mimi nimezungusha, nani aliyekufa?"

"Ilipolia ulisikia?"

Shemeji alitazama nyundo mkononi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka hapo. Nje fundi mmoja alikuwa anasugua kitu kwa msasa, akaacha.

"Nilisikia," alisema hatimaye. "Nilisikia mpaka nyumbani. Mdogo wako alinipa chakula, nikawa nasikia." Akaketi. "Lakini nilisaini, shemeji. Nilikuwa na mke na karakana ya kupanga. Nilisaini."

Vidole akanawa uso, akavaa ovaroli, akaenda kwenye meza yake. Pale ilikuwa pampu ya idara ya maji, imekwama tangu juzi, na mtaa wa juu wote ulikuwa unachota kwa ndoo kwenye tangi la gari. Alifungua sanduku la adapta zake, akakunjua vitambaa viwili vitatu, akachagua. Aliianza adapta kwa vidole. Ikaenda mizunguko mitatu, wa nne, wa saba, wa kumi na moja, mpaka ikakaa. Akavuta kizito. Shafti ilitoka kabla ya saa saba. Akabadilisha beringi na sili, akairudisha shafti, akafunga nati kwa vidole mpaka mwisho, kisha spana. Walipoijaribu kwenye tangi la uani maji yaliruka yakamlowesha shemeji suruali, na hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti.

Saa kumi ilikuja gari ya idara. Dereva alikuwa yule yule wa siku zote, mwanamume mwenye haraka na kofia ya idara. Wakapakia pampu. Shemeji akatoa fomu, akaiweka kwenye boneti, akachomoa kalamu na kuinama, mkono wenyewe unajua njia.

Vidole akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Shemeji, hii uliifungua wewe?"

"Hapana."

"Uliifunga wewe?"

Shemeji alibaki ameinama. Dereva alitazama saa. "Jamani, mtaa wa juu hawana maji."

"Hapana," alisema shemeji, akanyooka. "Sikuifunga mimi." Akamkabidhi kalamu, kisha akageuka kando na kujifanya anakagua kamba zilizofunga pampu.

Vidole akasaini kwenye mstari. Mara hii ilikwenda haraka kidogo. Dereva akaichukua fomu, akaisogeza mbali na macho.

"Hili silo jina la siku zote. Mwenye jina hili ana cheti?"

"Hana."

"Basi wataikataa ofisini."

"Wakiikataa wairudishe hapa, na maji iliyoyatoa wayarudishe pia. Na wakitaka kujua kwa nini hana cheti, wape hii." Akaiweka nakala ya mtihani, muhuri na yote, juu ya ile fomu. "Waisome yote, mpaka chini."

Dereva alisoma, midomo inacheza. Alisoma adapta, alisoma sikuzungusha, akatazama pampu nyuma ya gari iliyokuwa bado inadondosha maji. Kisha akarudi kwenye saini, akalisoma jina kwa sauti, polepole, silabi moja moja, kama mtu anayelikuta kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekuja kuchukua pampu pale kwa miaka minane.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," alisema Vidole. "Saini na wewe hapo chini, kwamba umeipokea kutoka kwangu."